Kufumbua Fumbo la Maneno, na Kulieleza

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Kila gazeti lifikapo katika maktaba ya shule yetu hapa Kipalapala, wasomaji hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza hufungua ukurasa wa mpira. Kundi la pili, nalo ni dogo sana, hufungua ukurasa wenye ule mraba wa vyumba vyeupe na vyeusi, wakainamisha vichwa kama watu watafutao sindano iliyoanguka mchangani. Mimi ni mmoja wa kundi hilo la pili, na huu ni mwaka wangu wa tatu. Wengi hutuuliza, "Mnatazama nini pale?" Mhariri ameniomba niwajibu kabla sijaondoka shuleni, nami nimekubali kwa furaha. Tena ninayo sababu yangu mwenyewe ya kuandika, nayo ni kosa nililolifanya muhula uliopita mbele ya shule nzima. Nitalisimulia mahali pake.

MWANZO WA MCHEZO HUU

Fumbo la maneno la kwanza lilitungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, Uingereza, aliyehamia Marekani. Lilitokea katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba, 1913. Vidokezo vyake vilikuwa vya wazi, yaani mtungaji hutoa maana nawe huandika neno lenye maana hiyo. Mafumbo ya wazi yapo hata leo, nayo ndiyo mengi. Walakini mchezo ulipovuka bahari ukafika Uingereza, watu waliona kuwa ni rahisi mno, wakatia hila. Gazeti la Daily Telegraph lilianza kutoa mafumbo mwaka 1925, na The Times tarehe 1 Februari, 1930. Katika gazeti la The Observer mtungaji mmoja, Edward Powys Mathers, alianza mwaka 1926 kutunga mafumbo magumu kabisa, akajiita Torquemada, jina la mtesaji wa zamani wa Hispania. Alipofariki mwaka 1939 nafasi yake ilishikwa na Derrick Macnutt, mwalimu wa Kilatini na Kiyunani, naye akajiita Ximenes. Huyu ndiye aliyesisitiza kuwa kidokezo lazima kiwe cha haki, akaandika kitabu juu ya jambo hilo mwaka 1966.

Msidhani kuwa ni mchezo wa watu wasio na kazi. Mnamo Januari 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Daily Telegraph liliwaita watu kushindana kufumbua fumbo moja kwa muda usiozidi dakika 12. Baadaye baadhi yao waliitwa kwa siri kwenda kufanya kazi Bletchley Park, mahali ambapo Waingereza walikuwa wakifumbua barua za siri za Wajerumani.

Ipo habari nyingine ambayo yatuhusu sisi wanafunzi zaidi. Mwezi wa Mei na mwanzoni mwa Juni 1944, majeshi yalipokuwa yakijiandaa kwa siri kubwa kushuka katika pwani ya Ufaransa, maafisa wa usalama walishtuka kuona maneno ya siri ya vita hiyo yakitokea moja moja katika fumbo la gazeti lile lile: Utah, Omaha, Overlord, Mulberry, Neptune. Hayo yalikuwa majina ya fukwe, ya bandari ya kubuni, na ya shambulio lenyewe. Mtungaji alikuwa Leonard Dawe, mwalimu mkuu wa shule moja. Walimhoji sana wakaona hana hatia. Majeshi yalishuka tarehe 6 Juni, na jambo likabaki bila kuelezwa kwa miaka 40. Ndipo mwaka 1984 mtu mmoja aliyekuwa mwanafunzi wake, Ronald French, akaeleza. Alisema kuwa Mwalimu Dawe alikuwa na desturi ya kuwaita wanafunzi wajaze vyumba kwa maneno wanayoyapenda, kisha yeye mwenyewe hutunga vidokezo. Karibu na shule palikuwa na kambi ya askari, na wavulana walikuwa wakienda kule na kusikia maneno. Mwalimu alipojua yametoka wapi alimwamuru ayachome moto madaftari yake. Ndugu wanafunzi, kumbe tunayoyasikia huku na huku na kuyaandika bila kufikiri yaweza kumtia mwalimu wetu mashakani!

JE, NI MCHEZO WA WAGENI?

Mraba wenye vyumba umetoka ng'ambo, hilo ni kweli. Lakini kazi ya kuficha neno ndani ya neno na kumtaka mwenzio alitoe ni ya kwetu tangu zamani. Watoto wote wa nchi hii wamesema "Kitendawili!" wakajibiwa "Tega!", na aliyeshindwa amelazimika kutoa mji. Watu wa pwani wana kinyume, yaani kusema huku silabi za neno zimehamishwa, ya mwisho ikatangulia mbele, hata "jina" likawa "naji". Askofu Edward Steere aliyekusanya ngano za Unguja aliweka mifano ya kinyume katika kitabu chake cha mwaka 1870. Baadaye gazeti la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, liliwapa washairi mahali pa kuulizana na kujibizana kwa beti, mwezi hata mwezi. Na hapa petu napo pana historia ya maandishi, maana jina la Kipalapala limepigwa chapa ndani ya vitabu vingi vya Kiswahili vilivyotoka katika kiwanda cha T.M.P. Kwa hiyo mtu asione haya kulitunga fumbo kwa Kiswahili. Tumeyatunga, nayo yamekubali.

KIDOKEZO KINA SEHEMU MBILI

Sasa nieleze kazi yenyewe. Kidokezo cha hila kina sehemu mbili, wala hakizidi hapo. Sehemu moja ni maana ya jibu. Sehemu ya pili ni hila, yaani njia ya kulijenga jibu kwa herufi. Maana hukaa mwanzoni au mwishoni mwa kidokezo, kamwe haikai katikati. Mwishoni huwekwa tarakimu kuonyesha idadi ya herufi. Mtungaji huziunga sehemu hizo zikawa sentensi moja yenye sura nyingine kabisa, ili upotee. Anayo ruhusa ya kukupoteza, lakini hana ruhusa ya kusema uongo. Kila neno aliloliweka lazima liwe na kazi.

Kwa hiyo shauri la kwanza ni hili: usiisome sentensi kama habari. Isome kama fundi atazamavyo meza, atafute ilipoungwa.

NJIA ZA KUFICHA

Njia ya kwanza ni maana mbili. Kiswahili kina maneno mengi yafananayo, kwa hiyo njia hii ni tajiri.

"Mnyama wa porini juu ya nyumba (3)." Jibu ni PAA. Paa ni mnyama, na paa ni sehemu ya juu ya nyumba.

"Kichwa hulala juu yake, mamba hulala ndani yake (3)." Jibu ni MTO, wa kitandani na wa maji.

Hapa nataka kuonyesha jambo ambalo watungaji wa Kiingereza hawalijui, kwa kuwa lugha yao hailitaki. Sisi tuna ngeli. Nikiandika "amekimbia", paa wa porini amekwisha kujulikana. Nikiandika "limevuja", ni paa la nyumba. Kiambishi kidogo chaweza kuifichua siri yote. Kwa hiyo mtungaji wa Kiswahili hana budi kutafuta maneno yasiyosema ngeli. Rafiki yake mkubwa ni "hu-", kwa kuwa "hulala" haisemi ni nani alalaye. "Juu yake" na "ndani yake" pia ni rafiki, kwa kuwa husemwa vivyo hivyo kwa kitu cho chote. Tazameni tena kidokezo cha mto, mtaona ngeli haikutajwa po pote.

Njia ya pili ni kinyume, na neno lenyewe ndilo hutoa ishara.

"Lima kinyume, upate utajiri (4)." Silabi za "lima" ni li na ma. Zipindue, utapata MALI. Mwalimu wetu wa Kilimo hakukipenda kidokezo hiki, akasema kuwa mwenye kulima kinyume hupata njaa. Twamwomba radhi.

"Wali ukipinduka, huu ndio mwisho wake (4)." Wa-li hugeuka LIWA. Na kweli hakuna wali ulioepuka mwisho huo, hasa siku ya Jumapili katika bwalo letu.

Njia ya tatu ni kuvuruga herufi zote. Ishara zake ni maneno kama kuvurugwa, kuchanganywa, kulewa au kupigana.

"Samaki wakivurugwa, mvua nyingi (6)." Chukua herufi za "samaki", zipange upya, nawe utapata MASIKA. Hesabu mwenyewe kwa penseli: hakuna herufi iliyozidi wala iliyopungua.

Njia ya nne ni kuunga maneno mawili yakawa moja, kama mafundi waungavyo mbao.

"Mti, kisha toa pole kwa wafiwa: ndipo Kidato cha Nne hupimwa (7)." Mti ni mti. Kutoa pole kwa wafiwa ni kuhani. Mti na hani huwa MTIHANI. Nilikitunga mwenyewe usiku mmoja baada ya kusoma hesabu, na wenzangu wanaijua sababu.

Njia ya tano ni kulificha jibu ndani ya maneno yaliyoandikwa, wazi mbele ya macho yako. Njia hii nitaieleza kwa kusafiri.

MSAFARA WA MANENO

Sisi tunaishi juu ya njia ya misafara ya kale. Wapagazi, Wanyamwezi wengi miongoni mwao, walipita hapa wakichukua pembe za ndovu kwenda pwani na kurudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Haya, na tuifuate njia hiyo kutoka baharini hadi ziwani, lakini mizigo yetu iwe ya maneno.

Twaanza Bagamoyo. "Kilicho mwishoni mwa Bagamoyo hudunda (4)." Jibu ni MOYO, umo ndani ya jina lenyewe. Wazee husema kuwa jina hilo latokana na kubwaga moyo, kwa hiyo kidokezo hiki kimepatana na historia.

Twapanda hadi Mpwapwa, mahali ambapo misafara ilipumzika kabla ya kuingia nyika kavu ya Ugogo. "Watoto wa dada wamo Mpwapwa (5)." Ondoa herufi mbili za mwanzo, utabaki na WAPWA. La ajabu ni kuwa ukisoma herufi nne za kwanza utampata mpwa mmoja, na ukisoma tano za mwisho utawapata wapwa wengi. Sijaona jina jingine lenye umoja na wingi wake pamoja.

Twafika kwetu. "Tunda lililo mwisho wa Unyanyembe (4)." Jibu ni EMBE. Atakayetembea katika njia za zamani za Tabora ataona miembe mikubwa, naye atakubali kuwa tunda hilo limo Unyanyembe kweli kweli. "Mwisho wa Tabora hupita vyote (4)." Jibu ni BORA, na wageni kutoka mikoa mingine wakitaka kubisha, na watutungie fumbo lao. "Nyumba ya kisu imo Kipalapala, tena mara mbili (3)." Jibu ni ALA. Liandike jina letu polepole, utaiona ala baada ya herufi tatu, kisha utaiona tena mwishoni.

Mwisho twashuka hadi Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. "Mwanzo wa Ujiji hunywewa asubuhi (3)." Jibu ni UJI. Mimi nimetoka upande ule wa Kigoma, na kila nipandapo gari moshi kurudi shuleni hukikumbuka kidokezo hiki, kwa kuwa njaa hunishika kabla hatujafika mbali.

KOSA LANGU

Sasa nimefika mahali nilipoahidi. Muhula uliopita, usiku wa Jumamosi, mwalimu wetu wa Kiswahili aliandaa mashindano baina ya mabweni. Alichora mraba ubaoni, akagawa vidokezo 20, na kila bweni likatoa watu wanne. Mimi nilikuwa mkuu wa kundi letu, na ndiye niliyeshika kalamu. Muda ulikuwa nusu saa.

Zilipobaki dakika tatu tulikuwa tumekwisha kujaza vyumba vyote isipokuwa neno moja. Kidokezo chake kilikuwa hiki: "Tembo akibadili mkia, Livingstone apata pa kulala (5)." Maneno yaliyopita yalikuwa yametupa herufi ya pili, E, na ya nne, B. Nilipoona tembo, nikaona E, nikaona B, sikungoja. Niliandika PEMBE kwa herufi kubwa. Nilijua habari za misafara, nilijua kuwa pembe ndiyo iliyowaleta watu huku, nikajiona nina akili nyingi.

Katika kundi letu alikuwamo mdogo wetu mmoja wa Kidato cha Pili. Alinigusa mkono akasema, "Kaka, mimi naona si pembe. Mbona mkia hatujautumia?" Nilimjibu, "Nyamaza, muda unakwisha. Wewe mdogo unajua nini juu ya mambo haya?" Akanyamaza.

Kengele ikalia. Sisi na bweni moja jingine tulikuwa sawa, kila upande umejaza maneno yote 20. Ndipo mwalimu akasema kuwa hajali aliyejaza, anamjali aliyefahamu. Kila mkuu wa kundi asimame aeleze neno moja atakaloulizwa. Akaniuliza neno lile.

Nikasema, "Pembe, Bwana Mwalimu, kwa sababu tembo ana pembe."

"Na mkia?"

Sikuwa na jibu.

"Na Livingstone alilala juu ya pembe?"

Ukumbi mzima ulicheka. Nilisimama pale nikitazama viatu vyangu. Kisha mwalimu akauliza kama yuko ye yote katika kundi letu awezaye kueleza, na yule mdogo akainua mkono kwa woga. Alisema hivi: "Tembo ana herufi tano. Mkia wake ni herufi ya mwisho, O. Ikibadilika ikawa E, tunapata TEMBE. Tembe ni nyumba yenye paa la udongo, tambarare. Livingstone alikaa katika tembe pale Kwihara." Kwao si mbali na Kwihara, na amepita mara nyingi karibu na nyumba ile. Na ni kweli kama alivyosema. Stanley alimkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, wakaja pamoja hadi Kwihara mwaka 1872. Stanley aliondoka mwezi wa Machi, na mzee akabaki hapo akingoja wapagazi hadi mwezi wa Agosti.

Bweni letu lilishindwa kwa neno moja. Lakini kushindwa si ndilo lililoniuma. Lililoniuma ni kuwa jibu tulikuwa nalo kundini, nami nikalizima kwa sababu lilitoka kinywani mwa mtu mdogo. Jioni ya pili nilimkuta bombani akichota maji. Nilimwambia, "Nisamehe, mdogo wangu. Wewe ulifikiri, mimi nilikisia tu." Alinijibu, "Hapana neno, kaka," akajitwika ndoo yake. Sijasikia maneno machache yaliyonifunza zaidi ya hayo.

KWA NINI HERUFI HAZITOSHI

Baadaye nilikaa na daftari nikataka kujua kwa nini nilikosa kwa urahisi vile. Nikaandika maneno yote niliyoweza kuyafikiri yenye E mahali pa pili na B mahali pa nne. Yako pembe, na tembe, na jembe la kulimia, na wembe wa kunyolea, na sembe tuilayo kila siku. Maneno matano, yote yanaingia katika vyumba vile vile bila kugombana!

Nikatambua kuwa hii ni tabia ya Kiswahili chetu. Karibu maneno yetu yote huishia kwa irabu, na irabu ni tano tu. Kwa Kiingereza herufi ya mwisho yaweza kuwa nyingi mbalimbali, hivyo ukiipata umepata msaada mkubwa. Kwetu ukipata A mwishoni hujapata kitu. Tena maneno yetu hufuatana konsonanti na irabu, konsonanti na irabu, kwa hiyo neno moja hufanana umbo na jingine kama ndugu wa tumbo moja. Kwa sababu hiyo mfumbuaji wa Kiswahili asiyefahamu hila atadanganyika mara nyingi kuliko mwenzake wa Kiingereza. Vyumba vyaweza kujaa vyote na fumbo lisiwe limefumbuliwa.

Tangu siku ile kundi letu la maktaba lina sheria tatu, nami naziandika hapa ili wadogo zetu wazishike tutakapoondoka.

Kwanza, hakuna neno kuandikwa kwa wino mpaka mmoja aonyeshe maana iko wapi na hila iko wapi, na kila neno la kidokezo lipewe kazi yake. Likibaki neno moja lisilo na kazi, kama ule mkia wa tembo, jibu bado.

Pili, anayeuliza "kwa nini" hanyamazishwi, awe wa Kidato cha Kwanza au cha Nne.

Tatu, gazeti la maktaba haliandikwi. Nakilini mraba katika daftari zenu. Wengine wetu tulikuwa tukijaza fumbo saa tatu za asubuhi, na anayekuja saa kumi hukuta kazi imekwisha, mara nyingine imekwisha vibaya.

KWA WAZAZI NA WALIMU

Najua wako wazazi watakaosema kuwa mwaka wa mtihani si mwaka wa michezo. Maneno yao ni ya haki, nasi hatufumbui fumbo saa za kusoma. Lakini naomba waangalie jambo moja. Katika hesabu mwalimu hatoi alama zote kwa jibu tupu, hutaka aone njia. Katika historia na sayansi swali huanza mara nyingi kwa neno "Eleza". Mimi nilikuwa mwanafunzi wa kukariri jibu na kuliweka mahali linapoingia, kama nilivyoiweka pembe. Sasa nikimaliza swali hujiuliza kama alivyouliza yule mdogo: mbona mkia hatujautumia? Mara nyingi huona kuna habari katika swali nisiyoigusa, nami hurudi nyuma. Tena simu haziruhusiwi bwenini, kwa hiyo jibu haliwezi kutafutwa kwingine. Hutafutwa kichwani na kwa wenzio, na kamusi ikiwa karibu.

MAFUMBO YENU

Nawaachia vidokezo vitano. Vyote vimetungwa kwa njia nilizozieleza, isipokuwa cha nne ambacho kina maana tatu badala ya mbili, na cha tano ambacho chataka mkate kitu kichwa, yaani muondoe herufi yake ya kwanza.

1. Kazi kinyume, peleka kaburini (4).

2. Shida iliyomo kitabuni (4).

3. Mate kinyume, toa kinywani (4).

4. Mtembea upande pwani, masalio ya moto: usiondoke (3).

5. Mali ya msafara yakatwa kichwa, tunda labaki njiani (4).

Majibu yatatolewa katika toleo la muhula ujao. Mimi nitakuwa nimekwisha kuondoka, na atakayeyapokea na kuyasahihisha ni yule mdogo wangu wa Kwihara, ambaye sasa ndiye mkuu wa kundi. Wazazi nao wanakaribishwa kujaribu. Pelekeni majibu yenu maktabani, na kila jibu liandikwe pamoja na maelezo yake. Jibu lisilo na maelezo halitapokelewa, hata likiwa sahihi, na hata likitoka kwa mtu wa Kidato cha Nne.